Kufuli la Bustani ya Umma

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo. Kubwa! Bustani ya umma nyuma ya mtaa wetu inakufa huku tunaiangalia. Benchi hazina migongo, bembea inalia kama paka aliyekanyagwa. Nitaanzisha Wakfu wa Kuhifadhi Bustani. Watu watachangia, mimi nitakuwa Mwenyekiti. Wa maisha, ikiwezekana. Mke wangu akauliza ule mradi wa sungura uliishia wapi. Nikamwambia hayo yamepita, na sungura nao walipita. Akasema sawa, ila safari hii nikishindwa, Jumatatu naanza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Kuuza misumari! Kwa Shemeji, mtu anayeniita Bwana Mipango mbele za watu! Siendi ng'o.

Jumatano, 5 Machi
Bodi imekamilika. Nimechagua watu wasionipinga: mke wangu, mama mkwe (huwa anasinzia), na Kinyozi wa pale kona, kwa sababu ana viti. Tumekutana kwake, kati ya kichwa kimoja na kingine. Mama mkwe hakusinzia hata kidogo. Akauliza benchi zitatengenezwa lini, maana ndipo anapopumzisha magoti akitoka sokoni, na kwa sasa anaegemea hewa. Nikamweleza kwamba kwanza uzinduzi, benchi baadaye. Kinyozi akasema yeye angeanza na benchi. Nani kamuuliza? Anyoe!
Mwenyekiti atachaguliwa na wakazi siku ya uzinduzi, Jumamosi, kwa kunyoosha mikono. Utaratibu tu. Nani mwingine watamchagua?

Ijumaa, 7 Machi
Nimegundua tatizo ambalo wengine wasingeliona. Ofisa wa manispaa amekubali kuja kuifungua bustani rasmi. Lakini bustani iko wazi! Geti halijafungwa tangu liwekwe. Mtu mzima na tai yake atafunguaje kitu kilicho wazi? Nimekwenda kwa Shemeji, nikanunua kufuli kubwa kuliko yote. Akauliza naficha nini. Nikamjibu: heshima. Jioni nikafunga geti. Limependeza hasa! Wacheza mpira wakalalamika, nikawaambia wavumilie, kesho watafunguliwa kwa makofi. Ufunguo nimeutia kwenye mfuko wa suruali. Hapo hakipotei kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeumbuka. Lo, nimeumbuka!
Watu wamejaa. Utepe umefungwa. Ofisa kashika mkasi. Natia mkono mfukoni, hamna. Suruali si ile! Mke wangu akaninong'oneza kwamba ile ya jana kaichukua dobi asubuhi, na sasa hivi hakuna ajuaye dobi yuko mtaa gani. Nikamwomba Shemeji alete msumeno. Akasema kufuli hilo halikatiki, na nililitaka mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo.
Mama mkwe akauliza tunaungua na jua kwa nini, wakati kuna tundu kwenye uzio, upande wa choo. Akatangulia. Ofisa akafuata na suti yake. Wakapita wote, tukabaki mimi na Shemeji. Nami nikapita, mpaka tumboni. Shemeji akanivuta nirudi nje, kisha akapita yeye, kwa madaha.
Wakafanya mkutano bila mimi. Nilipiga kelele kupitia uzio kwamba nagombea. Nilinyoosha mikono yote miwili. Ofisa akasema wanaohesabiwa ni waliomo ndani. Kachaguliwa Kinyozi! Na mke wangu naye alinyoosha mkono, nilimwona! Anasema alikuwa anafukuza nzi. Nimeamua kumwamini, kwa ajili ya amani ya nyumba.
Azimio la kwanza: benchi. Hasidi hana sababu.

Jumapili, 9 Machi
Dobi karudisha suruali. Ufunguo umo, unang'aa, umepigwa pasi. Nimekwenda kufungua geti peke yangu. Hakuna aliyepiga makofi.
Ndani, nikakuta Kinyozi na wenzake wanagonga mbao. Benchi ya kwanza imepata mgongo. Mama mkwe ameikalia, akanipigapigia nafasi pembeni yake. Nikakaa. Ni nzuri, kwa bahati mbaya. Akasema Kinyozi ametengeneza, lakini wazo lilikuwa la mkwe wake, na hilo atalisema popote. Nikafikicha macho. Vumbi la mbao, bila shaka.

Jumatatu, 10 Machi
Duka la Shemeji. Misumari. Ameniambia karibu, Bwana Mipango, mbele ya wateja watatu.
Lakini kutoka kaunta unaonekana mzunguko wa barabara, ule wa katikati ya njia nne. Nyasi zimekauka. Hauna mwenyewe, na hakuna kinyozi karibu. Wakfu wa Kuhifadhi Mizunguko! Ofisa nitamwita tena. Shida ni ile ile: uko wazi pande zote, atafungua nini? Nimemwomba Shemeji minyororo, na makufuli manne makubwa kuliko yote, moja kwa kila njia. Akauliza nataka kufunga nini. Nikamwambia ataona.
Safari hii sibahatishi. Funguo zote nne nimezitia kwenye suruali moja.