Fundi Makochi Apanda Juu Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi
Bwana asifiwe, mlango umefunguka! Kamati ya kanisa inataka viti vyote vya ukumbini vishonwe upya. Karakana yangu haijaona kazi ya maana tangu mwaka uanze, naziba viraka vya stuli tu. Ila mwenyekiti, mama asiyependa lawama za upendeleo, ametangaza kwamba Jumapili baada ya ibada atatafuta fundi mtandaoni mbele ya watu wote. Atakayetokea juu ndiye. Sponji, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, akakohoa kwa maringo. Ana tovuti. Kasahau kwamba nami ninayo! Mkwe wangu alinitengenezea alipokuja kuposa. Sijaifungua tangu harusi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejitafuta kwa simu yangu. Wa kwanza! Nikajitafuta tena. Wa kwanza! Nimeshinda nikijitafuta na kujibofya, mashine inizoee. Jioni mkwe kapita. Kasema kwa adabu zake zote, baba, simu yako inakujua, inakupendelea tu. Ukitaka ukweli tuunganishe kipimo cha utafutaji: kinaonyesha watu wameandika neno gani, wewe umetokea wa ngapi, na nani kabofya. Nikamjibu ndilo nililokuwa nataka kusema. Kipimo kinadai uthibitisho kwamba tovuti ni mali yangu, yaani msururu wa herufi na tarakimu wa kubandikwa humo. Nikamwambia aende akale, kubandika naweza. Nimebandika vitambaa maisha yangu yote.

Jumatano, 5 Machi
Kipimo kimekataa. Msururu niliuweka chini ya picha ya kochi la kijani, kwa maandishi makubwa, mtu asiukose. Mteja kapiga simu kuuliza kama hiyo ndiyo bei. Mkwe karudi, kauhamishia sehemu ya ndani ya tovuti, wasikoingia wageni. Hakucheka. Kijana ana malezi. Mama watoto kauliza kochi la jirani litaisha lini, maana limekaa mlangoni uchi. Nikamwambia nipo kwenye teknolojia. Kasema teknolojia haikaliki.

Ijumaa, 7 Machi
Namba zimeingia! Kwa "fundi makochi" nipo ukurasa wa nne, wanakokaa waliokata tamaa. Lakini kwa "kunguni kwenye kochi", wa kwanza! Kumbe ni zile nasaha nilizoandika mwanzoni kabisa, baada ya mama mmoja kunililia jinsi wanavyomtafuna. Mkwe kashauri niweke picha za kazi zangu, nieleze viti, kisha nivute subira wiki kadhaa. Subira! Jumapili ni kesho kutwa. Mkulima hupanda pale panapoota. Alipoondoka nimebadilisha kichwa cha tovuti: "Kunguni wa Makochi na Viti vya Ukumbi". Kisha nikabonyeza kile kitufe cha kuomba ukurasa usomwe upya. Nikakibonyeza tena, kwa msisitizo.

Jumapili, 9 Machi
Mwenyekiti kaandika "viti vya ukumbi", picha ikamulikwa ukutani. Wa kwanza, mimi! Nikasimama na mikono juu. Ndipo wakasoma kichwa. Simu zikatoka mifukoni, kila mtu ajisomee kwa macho yake. Bibi mmoja kainuka kitini akakung'uta sketi. Mchungaji kauliza kwa upole kama hao kunguni ninao au nawakuta kwa watu. Nikaeleza kwamba ni mkakati. Mwenyekiti kasema kanuni ilitaja fundi, haikutaja fundi na mifugo yake. Kazi kapewa wa pili. Sponji! Mlangoni kanishika bega: pole sana kaka, wasalimie nyumbani, wakubwa na wale wadogo wasioonekana. Nimemsamehe. Mara moja tu, hizo nyingine sabini nitaziangalia.

Jumanne, 11 Machi
Jana sikula. Viti vimepita mbele ya karakana yangu juu ya mkokoteni, vikienda kwa Sponji, vingi mno. Nikaingia ndani nikafungua kipimo nijitulize. Sikuamini! Siku ya Jumapili mstari umepanda wima, haujawahi kufika huko. Kanisa zima limenibofya! Mama watoto kasema hao ndio walionikataa. Nikamwambia kipimo hakiulizi nia. Mkwe kanisihi, tafadhali baba, ondoa kunguni kwenye kichwa. Nimemsikiliza vizuri sana, na kwa kweli ana hoja. Kosa lilikuwa hao kunguni: wanaaibisha watu, hakuna anayetaka kuonekana anawatafuta. Nimewatoa wote leo asubuhi, nikasali.

Nimeweka panya.