Nisiyoijua Inatoka

Jumatatu, 4 Machi
Nimefungwa tena drafti kwenye kompyuta. Mara ya sita! Aliyenifunga ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi wa kompyuta. Namwita Profesa, ila si mbele yake. Ameniandikia kwamba nacheza kama mtu aliyesinzia. Si mimi, ni mashine. Nikigusa kete, inasogea chai ikishapoa. Nimefungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini. Arobaini na moja, zote zinakula bure. Nazijua tabia hizo, nimeishi na ndugu.

Jumanne, 5 Machi
Nimefukuza kutwa. Kanuni ni moja: nisiyoijua inatoka. Ya printa, nje. Printa yenyewe ilikufa mwaka juzi. Moja ina picha ya kengele. Ya nini? Sina kazi ya kuamkia. Ilijirudisha mara mbili, nikaizuia isiwake tena. Kompyuta sasa nyepesi. Kesho Profesa atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Sitaki kuandika haya. Baba mkwe tunaishi naye tangu alipopooza mguu. Kando ya kitanda chake kuna kitufe. Akikibonyeza, kompyuta ya sebuleni inalia. Mpango wa Profesa. Mimi nilidhani kengele ile ni ya saa! Leo mzee amebonyeza tangu saa tano asubuhi. Alitaka kwenda msalani tu. Mke wangu amerudi kutoka kazini saa kumi, akamkuta sakafuni, nyonga imevunjika. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, hedifoni masikioni, nikimfunga Profesa kete nne kwa moja. Mke wangu aliuliza kama sikusikia kengele. Nikasema haikulia. Huo ni ukweli, na nimeona aibu kuusema.

Alhamisi, 7 Machi
Profesa amekuja. Amefungua orodha, akairudisha kengele. Heri angenitukana. Alisema tu: ile ya kengele ilikuwa ndogo kuliko zote, shemeji. Hospitalini mzee amenishika mkono na kuniomba radhi kwa usumbufu. Nimelia kwenye ngazi. Mke wangu ananipita kama kiti.

Jumamosi, 16 Machi
Mzee anarudi kesho. Nimeapa: kompyuta siigusi tena. Nimetandika kitanda chake, nimejaribu kengele mara kumi, inalia vizuri. Mke wangu amesema ahsante. Neno la kwanza tangu siku ile! Nikakaa kitandani kwa mzee, moyo umetulia. Ndipo nikasikia kitu kinanguruma. Jokofu dogo la pembeni. Siku kumi mwenye chumba hayupo, lenyewe linanguruma tu. Nimelifungua. Hamna chakula, ni vile vichupa vya sindano zake za sukari, basi. Nimechomoa waya. Mzee atalala kwa utulivu.