Kuku Aliyepotea Kupita Mapatano

Duka la Cherehani,
Shela, Malindi.
29 Desemba 1986

Kwa Bi. Kadii Thoya,
Msimamizi, Makao ya Wazee Wasiojiweza,
Matsangoni.

Mheshimiwa Bi. Kadii,

Shikamoo. Natumai sikukuu imewaacha salama, wewe na wazee wetu. Sisi haikutuacha salama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni yule fundi cherehani aliyevaa kilemba cha kijani juzi Jumamosi, Mwenyekiti wa Chama cha Wanamazingaombwe Chipukizi wa Malindi. Yule mwembamba aliyekuwa akiangusha karata ni Phineas, Katibu wetu. Chama hakina mwanachama mwingine. Tulikuja kwa moyo safi, bila malipo, kuwafurahisha wazee wasio na wa kuwaangalia. Tuliyotendewa nayataja hapa kwa masikitiko, bila chuki.

1. Jogoo wenu aliwika kila nilipofungua kinywa. Nilipoomba aondolewe, wewe mwenyewe ulinijibu, "Mwanangu, huyo ndiye saa ya Mzee Fondo. Haoni, lakini akimsikia anajua kumekucha." Bibi, ilikuwa alasiri. Kulikuwa kumekucha zamani.

2. Huyo Mzee Fondo mwenyewe. Nilimtia sandukuni kuku mweupe wa kuchi, kuku wa amana, niliyemwazima kwa mama mkwe wangu, Bi. Mwanatumu, aliyemleta kutoka Lamu akiwa kifaranga. Nikafunika kitambaa, nikasoma maneno yangu, nikafungua: hayumo! Wote wakashangaa ila yeye. Akasema kwa sauti, "Mbona mimi namsikia? Kuku yumo humo humo." Wazee wakacheka mpaka Bi. Kahonzi akaangusha mkongojo. Kipofu hana ruhusa ya kuharibu mazingaombwe. Kazi yake ni kuamini anayoambiwa na wenye macho.

3. Kwa kanuni zetu, kuku akipotea hurudi. Nikafunika tena, nikasoma, nikafungua. Hayumo. Nikasoma kwa sauti ya juu zaidi. Hayumo. Phineas, aliyeliunda sanduku lile na kulipaka rangi siku moja kabla, aligonga ubavuni akaapa kwamba ni tupu.

4. Magharibi ilipokaribia, likaletwa sinia la wali na kuku wa nazi! Nauliza kwa adabu: nyumba isiyojiweza, kuku imempata wapi? Tena mlimwita jirani Mwislamu achinje, ili mimi nile bila wasiwasi. Hilo si kosa la ghafla, hilo lilipangwa. Na firigisi mkaniwekea mimi. Najua firigisi ni ya mgeni wa heshima, lakini pia ndivyo mtu angefanya akitaka kumziba mdomo mwenye kuku. Niliila. Nyama ilikuwa ngumu, kama ya kuku aliyekula chumvi nyingi.

5. Tangu hapo silali nyumbani. Bi. Mwanatumu ametamka kwamba kuku atatangulia kuingia mlangoni, ndipo mimi nifuate. Mke wangu Zuleikha, ninayempenda kuliko mazingaombwe yote, amesimama na mamake. Nalala dukani juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya sanduku letu, na nasema kweli, nimeumia. Hata usingizi sipati. Namsikia marehemu akikwaruza, na leo asubuhi alitetea kama aliyetaga. Ni dhahiri roho yake haijatulia.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kuku arudishwe akiwa hai. Hilo likiwa zito, wazee wote waliomla waje Malindi wamweleze mama mkwe wangu mmoja mmoja, mimi nikiwa nyuma yao. Zaidi ya hapo, makao yenu yasipokee tena msaada wa furaha kutoka kwa yeyote, hadi wazee watakapofundishwa namna ya kusaidiwa. Nakala itakwenda kwa chifu.

Nisalimie wazee wote, na Bi. Kahonzi na mkongojo wake. Mzee Fondo msalimie pia, kwa kiasi.

Wako katika utumishi wa furaha,
Mahadhi Muhidin,
Mwenyekiti

Baada ya sahihi: Ningeichana barua hii, lakini Phineas ameshaipiga muhuri wa chama na karatasi ndiyo ya mwisho. Amekuja kuchukua sanduku, tukaking'oa kibao cha siri, kilichokuwa kimegandishwa na rangi yake. Kuku yumo, mzima, amejaa hasira, amelalia yai. Nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Kisha nikakaa kitako, maana nilikumbuka kwamba wakati wa kuwaaga nilihutubia kirefu sana, na hakuna jogoo aliyewika.

Bi. Kadii, naona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Nimemweleza Bi. Mwanatumu yote. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Ameingia bandani akamfunga miguu jogoo wake wa kuchi, yule mwenye sauti kuliko wote. Barua hii inatangulia leo kwa mkono wa kondakta, na jogoo nitamleta kesho mwenyewe, bila sanduku. Mpaka nifike, tafadhali mtu amwambie Mzee Fondo kumekucha.