Kura 312 za Uzio

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya. Nimefanywa katibu!

Sikuomba. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo ya ukumbi, pale ninapokaaga siku zote. Madam Benedicta, mkuu wetu wa michezo, akatangaza kwamba idara itaongeza mchezo mmoja mpya hapa chuoni na wanafunzi ndio watakaouchagua. Fomu za Kiingereza zilishagawiwa. Zilirudi tisa. Kwa hiyo zitafsiriwe. Akauliza nani kasoma English medium. Brightson, mwanafunzi mwenzangu, akageuka polepole, akaninyooshea kidole.

"Gozbert huyo hapo, Madam. Huyu hata usingizini anakoroma Kiingereza!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Kati ya lugha zangu mbili haikutoka hata moja.

Sasa Brightson anitakie cheo kwa lipi? Kuna mchezo unachezwa hapa.

Shida yangu naiandika humu kwa sababu daftari haliniangalii usoni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima ajiandikishe mchezo kabla ya saa kumi tarehe 16, kisha aucheze kwenye bonanza mbele ya chuo kizima. Asiyejiandikisha anapachikwa popote penye pengo. Mpira siwezi. Mbio nilikimbia mara moja, darasa la nne, nikaelekea upande usio na watazamaji. Brightson anapigania kuvuta kamba, na keshaniambia kwamba nafasi yangu ni mkiani. Eti nina nyayo za kukita. Watu elfu moja wanatazama mkia wa kamba, na mkia ni mie!

Lazima ishinde sataranji. Unakaa. Unainama. Watazamaji wanasinzia.

Jumanne, 6 Mei

Nimetafsiri. Michezo ni minne tu. "Chess" nimeiweka juu kabisa: SATARANJI, herufi kubwa, wino mzito. "Swimming" ni kuogelea. "Tug of war" ni kuvuta kamba, nimeiandika kwa herufi ndogo chini, karibu na ukingo, pale kidole gumba kinaposhika karatasi. Huo si wizi wa kura. Ni mpangilio.

Wa nne unaitwa "fencing". Huu nimekaa nao dakika ishirini. "Fence" ni uzio, hilo tulifundishwa chekechea kwa wimbo. Lakini mchezo? Labda timu mbili zinashindana kujenga, watakaomaliza kwanza ndio washindi. Wazungu wana michezo mingi. Ningeweza kumuuliza Madam, ila kuuliza maana yake kugonga mlango, kutoa shikamoo, kusubiri marahaba, halafu kubaki mle ndani tunatazamana.

Nikaandika: Uzio.

Nani atachagua uzio? Hakuna.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya kura. Nimepangiwa kulinda sanduku pamoja na Farida, wa mwaka wa kwanza pia, kwao hapahapa Mtoni. Anatabasamu. Kila nikiinua macho, anatabasamu. Nikalisogeza sanduku likae katikati yetu.

Foleni imefika kantini! Fomu za Kiingereza zilirudi tisa, leo watu wanasukumana. Wanasoma, wanashangilia, wananipa mkono. Jamaa mmoja mrefu kanikumbatia, kasema hatimaye chuo kimesikia kilio cha wanyonge. Kumbe wapenda sataranji ni wengi hivi na walikuwa wanaficha!

Naungama, hapa tu: nimepiga kura tatu. Miandiko mitatu. Mmoja wa mkono wa kushoto.

Saa nane mbuzi wa Mzee Shomari, jirani yetu wa upande wa pili, wameingia tena uwanjani wakatafuna kibendera cha kona. Watu wa foleni wakawatazama mbuzi, wakatazama fomu, wakagongeana mikono. Sikuelewa. Nimeandika kwa ajili ya kumbukumbu.

Ijumaa, 9 Mei

Matokeo. Uzio 312. Kuvuta kamba 96. Kuogelea 41, hao wanataka safari ya ufukweni Kunduchi tu. Sataranji 4.

Nne! Tatu ni zangu. Ya nne ya nani? Nani kanijua?

Na hao 312 ni akina nani? Nikaanza uchunguzi. Brightson hakukasirika kushindwa, jambo ambalo peke yake linatosha kumpeleka mtu kituoni. Nilimsikia akiwaambia wenzake kamba itasubiri, uzio kwanza. Uzio kwanza! Nikamfuatilia yule mrefu aliyenikumbatia, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Akawa anamwambia rafiki yake, kwa sauti ya chini kabisa, "Uzio ukishafika, braza, mbuzi basi."

Mbuzi basi.

Ni neno la siri. Kuna chama humu chuoni, kina wanachama 312, na mkutano wao unafunguliwa kwa neno hilo. Nimeliandika kiganjani.

Jumatatu, 12 Mei

Mkurugenzi wa idara mwenyewe kaja kwenye kikao. Dokta Benson, mzee wa suti, hajawahi kuonekana akicheka. Leo alikuwa anafuta macho. Kasema mchezo huu aliujifunza akiwa masomoni Hungaria, akauleta kwenye orodha bila matumaini, akijua vijana wa siku hizi ni mpira tu. Kumbe 312! Kesho atafanya onyesho yeye mwenyewe.

Anajenga uzio mwenyewe? Kwa umri ule?

Nikaelewa. Mwenyekiti wa chama ni yeye. Nikamvizia mlangoni, nikatoa shikamoo, halafu nikamnong'oneza, "Mbuzi basi."

Akasema, "Sawa, kijana," akaondoka haraka.

Amekiri!

Jumanne, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Madam akatangaza kwamba uzio umeshinda. Vigelegele! Watu wakapiga meza. Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Benson kavaa nguo nyeupe kuanzia shingoni hadi miguuni, kichwani kofia ya wavu inayofunika uso wote, mkononi upanga mwembamba kama spoki ya baiskeli.

Kisha sauti moja nyuma ikauliza, "Huyu si mrina asali?"

Mwingine akasema aachwe, ni fundi, kavaa nguo za kazi. Brightson akasimama juu ya benchi. Akauliza, kwa heshima zote, nguzo ziko wapi. Uwanja mzima ule, fundi kaja na nondo moja? Tena nyembamba! Na hiyo aliyovaa kichwani, kama ndiyo sampuli ya wavu wenyewe, mbuzi wa Mzee Shomari watautafuna kabla ya saa nne.

"Mbuzi basi! Mbuzi basi!" ukumbi mzima ukaitikia.

Dokta Benson akafikiri wanamshangilia. Akainama kwa adabu. Akasema anahitaji mpinzani mmoja. Madam akatazama huku na huku, akanisukuma mie, eti katibu atoe mfano.

Nikavishwa kofia ya pili, nikashikishwa upanga. Na hapo, naomba niliandike polepole, likatokea jambo. Ndani ya ile kofia hakuna aliyekuwa ananiona. Mie nawaona wote, wao hawanioni! Jasho likakata. Mikono ikatulia. Dokta akanidunga kifuani mara mbili, sikujali. Brightson akapaza sauti kuuliza huyu mtoto naye kaja kubeba zege? Na mie, Gozbert, ambaye kantini huagiza chai kwa kunyoosha kidole, nikamwelekezea upanga nikapiga kelele, "Brightson, kaa chini, unaziba watu!"

Akakaa! Ukumbi ukalipuka. Dokta akageuka kuona kulikoni, nikamdunga begani. Pointi ya kwanza maishani mwangu.

Nikavua kofia. Nikawa bubu tena palepale.

Kisha wakaanza kuulizana mafundi wanaanza lini. Dokta akauliza mafundi gani. Ikaelezwa. Nilimwona mzee wa watu akiuweka upanga chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hiyo picha haiondoki.

Madam akauliza nani aliandika uzio. Nikasema kompyuta. Fomu niliiandika kwa mkono.

Jumatano, 14 Mei

Uamuzi: habari ya uzio imepelekwa ofisi ya majengo, ambako vitu hupelekwaga vikapumzike. Kura ya mchezo inarudiwa Ijumaa saa nne, fomu mpya, katibu yuleyule. Madam kasema safari hii nitazame kamusi, na tukikosa tena mchezo mpya, wote tusio na timu tutagawiwa kwa Brightson, tuvute kamba kwenye bonanza tupende tusipende.

Sataranji naiacha. Nataka ile kofia. Naitaka kuliko kitu chochote.

Farida kaniletea kamusi. Kaweka karatasi kwenye ukurasa. Upanga ni kitara, zikiwa nyingi ni vitara, na mchezo ndio huo, vitara. Halafu akasema, anatazama chini, kwamba kura ya nne ya sataranji ilikuwa yake, babu yake alimfundisha, alitaka kuuliza kama nami nacheza.

Kwa nini aungame sasa hivi? Na ukurasa kaujuaje? Nikamshukuru, nikakaa mbali.

Alhamisi, 15 Mei

Fomu imekamilika. Nimejifunza. Juu kabisa, herufi kubwa, wino mzito: VITARA. Sikuongeza neno. Maelezo yanatia watu mashaka.

Nimewabandikia ubaoni mchana. Foleni ya kusoma ikafika kantini tena! Brightson kaja mbio, macho yamemtoka, kaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli. Akauliza ni kwa timu nzima, au kila mtu atapata Vitara yake? Kitara chake, lakini sikumsahihisha, hata hicho Kiswahili ni kazi kwake. Nikasema kila mtu na yake. Akashika kichwa. Akauliza rangi. Nikasema zote rangi ya fedha. Akauliza kama leseni inahitajika. Nikasema hapana, Dokta atatufundisha mwenyewe. Na mafuta, nani anaweka? Swali zuri, sikulitegemea. Nikamwambia mafuta ni kidogo tu, ya kupaka, isishike kutu.

Akanikumbatia. Kavunja timu ya kamba palepale. Anapita mabweni yote anaipigia kampeni fomu yangu, na Farida kasimama ubaoni kashika mdomo, ananiita kwa mkono, ana jambo la kuniambia. Sikwenda. Najua wivu nikiuona.

Kesho tunashinda. Ila Brightson kufurahia upanga kiasi kile?

Kuna mchezo unachezwa hapa.