Uzio Uliotaka Upepo wa Bahari

Nianze kwa kukiri: nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Valence hachezewi akili na mtu yeyote mjini Babati. Nilisema kwa sauti, mbele ya mashahidi. Naomba maneno yale yafutwe.

Jumamosi asubuhi Valence alipita mtaa wa Maisaka akiwa na mawazo. Mzee Paskasi wa Bonga alishamwambia: kama anamtaka binti yake Edda, afike na mbuzi jioni ile ile. Valence alikuwa na shati zuri na mdomo. Mbuzi hakuwa naye.

Ndipo akaiona nyumba mpya ya Mama Kindness. Bati linang'aa, geti la chuma, ila kiwanja chote kimezungushiwa seng'enge tupu. Ndani, mbuzi amefungwa kwenye mti, mnono kama diwani.

Valence akaenda kando ya barabara, akakata matawi ya kichaka kisicho na jina, akayachomeka kwenye makopo yenye udongo, akarudi.

"Shikamoo, Mama Kindness."

"Marahaba. Hayo magugu unayapeleka wapi?"

"Magugu? Mama, hii ni mibahari! Kule Tanga hoteli zote kubwa uzio ni huu. Kiangazi kijani, masika kijani. Chumvi ya bahari haiubabaishi."

"Nani mwingine Babati anao?"

"Hakuna! Majirani watakuja kununua vipandikizi kwako."

Macho ya Mama Kindness yakawaka. "Unataka nini?"

"Yule mbuzi tu. Sipendi kukuumiza."

Hapo angenyamaza, leo angekuwa na mke. Lakini tapeli akishanogewa ni kama mpishi wa sherehe: hajui wapi pa kuacha kuongeza chumvi.

"Ila uzio huu una tabia za kwao," akasema. "Siku ya kwanza unataka upepo wa bahari mchana kutwa. Ukiukosa, unazira."

"Upepo wa bahari huku tutautoa wapi?"

"Unaupepea kwa ungo, taratibu, na mdomo unafanya *shwaaa, shwaaa*."

"Nani anaiweza kazi hiyo?"

"Tuko wachache, Mama. Mimi nimeisomea."

Mama Kindness akaingia ndani, akatoka na ungo.

"Haya, mtaalamu. Hapa kwetu mche haulipwi siku ya kuoteshwa, unalipwa ukishashika. Anza."

Valence, akitumaini kumlainisha kabla ya jioni, akachimba, akaotesha, akapepea. Majirani wakajaa kwenye seng'enge. Bibi Otilia akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

"Shwaaa," akajibu Valence, kwa heshima ya taaluma.

Jua lilivyopanda, ndivyo mibahari ilivyoinamisha vichwa, kama waumini wakati wa sadaka.

Alasiri Mama Kindness akatoka na kitenge kipya, kamba ya mbuzi mkononi.

"Mama! Mbuzi wangu anaenda wapi?"

"Bado ni wangu, baba. Naenda Bonga kwa Mzee Paskasi. Mdogo wangu Filbert anamposa Edda. Nasikia kuna mchumba mwingine, kijana wa maneno mengi, lakini hana mbuzi."

Ungo ukaganda hewani.

"Mbona umeacha? Si itazira!"

Akatoka, akalifunga geti kwa kufuli. Valence akaitazama miiba ya seng'enge, akalitazama shati lake la kuposea. Kwato za mbuzi zikafifia kuelekea barabara kuu.

"Mama Kindness! Nifungulie basi, Mama! Nikusaidie hata kumswaga huyo mbuzi!"