Rutuba Imehama Bila Kibali

Ofisi ya Kodi za Mashamba ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba haki imepatikana: kuanzia sasa, shamba linalozaa sana litalipiwa sana. Mimi ni katibu wa Kamati ya Kupima Rutuba, na kalamu iliyotia sahihi kanuni hiyo ilikuwa yangu.

Wa kwanza kuonja haki hiyo alikuwa Bi Jembe, aliyekodi ekari moja ya Mkurugenzi wetu. Alivuna magunia ishirini, kodi ikapanda mara tatu. Ekari ya pili ya Mkurugenzi, iliyopakana nayo, ililimwa na shemeji yake, aliyevuna magunia mawili na panya mmoja. Huyo tulimpunguzia.

Bi Jembe akaja ofisini na matope yake miguuni.

"Hela hiyo sina. Mnanifukuza? Wanangu wanne wanakula shamba lile!"

"Hakuna anayekufukuza, mama," nikamtuliza. "Tunaoanisha kodi na tija."

"Kwa hiyo kilichozaa ni udongo, si mimi?"

"Ni udongo. Wewe umesaidia tu."

"Basi nipeni la shemeji, la bei ya chini. Yeye achukue hili linalojizalia lenyewe."

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Shemeji alihamia siku hiyohiyo, na mto wake wa kulalia.

Msimu ulipokwisha, Bi Jembe alikuwa na magunia ishirini na mawili. Shemeji, gunia moja. Kamati ikaenda na futi kamba, ikapima, ikaonja udongo. Mwenyekiti alimeza kidogo kwa bahati mbaya. Taarifa yetu yenye mihuri sita ilisema: "Rutuba imehama bila kibali. Kwa sasa inaishi kwa Bi Jembe, na kodi huifuata iliko." Mkurugenzi aliisaini bila kuisoma, maana ana shughuli nyingi, nasi tukaibandika ukutani.

Wenye mashamba wakaisoma. Kesho yake walijipanga uani kwa Bi Jembe, kila mmoja akitaka kumlipa yeye kodi ili aje alime kwake. Akampa mkono aliyetoa dau zuri, akahama.

Magugu yalipomfika Mkurugenzi kiunoni, alinituma nikamwite mama huyo ofisini. Akasema anachambua mbegu, hana nafasi. Ikabidi tumfuate. Mkurugenzi amemzidi miaka kumi na mitano, lakini nilimsikia kwa masikio yangu.

"Shikamoo, Bi Jembe."

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa. "Kaa nyuma ya yule mwenye kofia."