Mke Wangu na Mpango wa Miaka Kumi

Alhamisi, 8 Januari

Kwa hivyo, kama nilivyokuwa nikisema, hakuna mwanamke anayeshika chaki kama Kinya. Anaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekamata kipepeo na hataki kumuumiza. Nilimwona leo kupitia dirisha la Gredi ya Nane. Nilikuwa nimepeleka sufuria jikoni kwa shule. Hakuna aliyekuwa ameagiza sufuria.

Tulifunga ndoa Desemba. Hadi leo nikiamka namwangalia kwanza nihakikishe sikuota. Mwalimu wa hesabu, mwenye shahada, akakubali kuolewa na Mathenge, muuza vyombo wa Wabera aliyeishia kidato cha nne! Mungu akimpenda mtu hampendi kwa kijiko, anampenda kwa pakacha.

Lakini jioni aliniletea habari mbaya pamoja na chai. Ofisi ya elimu inaandika mpango wa miaka kumi wa shule zote, kutoka hapa Isiolo mjini mpaka Sericho, na wananchi wataitwa kutoa maoni. Hiyo si mbaya. Mbaya ni hii: kuna pendekezo kwamba walimu wa hesabu wa mjini wapelekwe shule za mbali, mmoja kwa zamu, mwaka mzima. Zamu ya kwanza ni Sericho. Atatoka shule ya Kinya. Na shule ya Kinya ina walimu wa hesabu wawili tu: yeye na Huqa.

Sericho! Safari ya kutwa nzima kwenye vumbi! Mwaka mzima!

Nikamuuliza kama amesikitika. Akasema hesabu ni hesabu popote. Najua alikuwa ananificha machozi. Aliyaficha vizuri sana, hata sikuyaona.

Uamuzi: Kinya haendi. Aende Huqa. Huqa hana mke, ana pikipiki, na ana mabega mapana ambayo hayana kazi yoyote hapa mjini. Tena anamchekesha sana mke wangu katika chumba cha walimu.

Jumamosi, 10 Januari

Mbinu ya kwanza imeiva.

Bi. Faiza, afisa anayesimamia mpango, alikuja dukani kukodi vikombe na thamosi za mkutano wa Jumatatu. Nikamdodosa kwa heshima. Akanieleza kwamba mambo yote yatakayopendekezwa yatabandikwa ukutani kwenye karatasi kubwa za manila: maji, maktaba, vyoo, fensi, walimu wa kupelekwa mbali. Kila mtu atapewa vibandiko vitatu vya kijani aweke pale anapoona panahitajika zaidi. Karatasi itakayokuwa kijani kuliko zote ndiyo itakayotangulia katika mpango.

Rahisi kabisa! Nani Isiolo atapinga maji? Nikizungumza na watu wa kutosha, karatasi ya maji itakuwa kijani kama shamba la Meru, na ile ya walimu itabaki nyeupe pe. Nikamwambia Bi. Faiza vyombo ni bure, kwa sharti moja dogo: chai nimimine mwenyewe. Anayemimina chai hufika kwa kila mtu.

Kinya aliposikia nimetoa vyombo bure kwa ajili ya elimu alinikumbatia mbele ya wateja. Akasema hakujua ameolewa na mzalendo. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha akanikumbatia tena, ikapita.

Jumatatu, 12 Januari

Siku kubwa. Shati jeupe. Thamosi kila mkono.

Nilianza vizuri. Mtu wa kwanza nilimmiminia nikamnong'oneza, maji. Wa pili, maji. Wa tatu akaniuliza bibi arusi anaendeleaje.

Sasa mtu ukiulizwa hivyo utafanya nini? Nilimjibu. Nilimjibu kirefu. Wa nne alikuwa amesikia, akataka nianze mwanzo. Nilipofika kwa wageni wa Sericho nilikuwa nimepata moto kweli. Mama Bisharo, anayewawakilisha wazazi wa huko, mama mzito wa kauli anayeuza mbuzi na hakubali kuuziwa maneno, alinipokea na salaam aleikum na kikombe kilichonyooshwa. Nikamwambia kwamba Kinya akimfundisha ngamia asubuhi, jioni yule ngamia atawagawia wenzake malisho bila baki. Akasema, ala! Nikamwambia ndiyo, na si ngamia tu.

Thamosi ziliisha. Maji nilikuwa nimeyataja kwa watu wawili.

Watu wa mji walitawanya vibandiko vyao kama wanaolisha kuku: maktaba, vyoo, fensi. Watu wa Sericho walisimama pamoja, wakaenda pamoja, wakabandika vyote mahali pamoja. Walimu. Bi. Faiza akashangaa, akauliza kama hawajakosea karatasi, maana wao ndio wenye shida ya maji. Mama Bisharo akamjibu bila kuinuka:

"Maji tunajua yanafuatwa wapi. Mwalimu ndiye hatujui anafuatwa wapi."

Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa kichwa kwa uchungu, kabla ya kukumbuka niko upande gani.

Karatasi ya walimu ikashinda. Nikaona nisikate tamaa. Nikainua mkono nikauliza huyo mwalimu atakayepelekwa anapaswa kuwa mtu wa namna gani. Kwetu hapa anayeuliza swali ndiye anayepewa kazi ya kulijibu. Nimeteuliwa kuandika sifa za mwalimu wa Sericho, nizisome Alhamisi!

Yaani wamempa fisi ufunguo wa zizi. Tena Bi. Faiza amenishukuru kwa chai mbele ya wote. Makofi! Kinya alipiga kwa nguvu zaidi. Yale makofi yake ningeyatambua hata uwanja ukiwa umejaa.

Jumanne, 13 Januari

Nimeandika dukani, nyuma ya masufuria makubwa, Kinya asione.

Nilikuwa nimekwama pale Huqa mwenyewe alipoingia kununua kikaangio. Mungu huyu! Nilimwangalia kutoka juu mpaka chini nikawa naandika. Awe mrefu, wa kuvumilia jua. Awe hajaoa, asiye na wa kumlilia. Awe na pikipiki yake mwenyewe. Awe anajua Kiborana. Ilibaki kuandika rangi ya soksi.

Huqa akauliza mbona namwangalia hivyo, kaka. Nikasema napima ukubwa wa kikaangio kitakachomfaa. Nikamshauri anunue na mtungi wa maji. Akauliza wa nini, kwake mfereji uko mlangoni. Nikamwambia maisha ni safari. Aliununua! Ana moyo mzuri huyu kijana. Sericho watampenda.

Kinya alikuja kunichukua dukani tukatembea pamoja hadi nyumbani Chechelesi. Njia nzima alitaka kujua nimeandika nini. Nikamwambia asubiri, atajivunia. Akasema tayari anajivunia. Niliingia mtaro wa maji taka mguu mmoja na sikujali.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeshinda. Niandike hilo kwanza, kabla ya kueleza jinsi.

Nilisoma sifa zangu kwa sauti ya juu. Huqa alikuwa ameketi mstari wa tatu na sifa zilimtosha kama suti ya kushonewa. Watu walianza kugeuka kumtazama. Nilikuwa nimebakiza kukaa chini tu.

Mama Bisharo akaomba kuuliza. Hiyo ya kuwa hajaoa, akasema, nimeitoa wapi? Mwalimu wao wa mwisho alikuwa hajaoa. Likizo ya kwanza alikuja mjini kutafuta mke, na mpaka leo anamtafuta. Watu wakacheka. Akataka iandikwe awe na ndoa yake, ametulia. Wakaunga mkono.

Nikasema sawa, lakini pikipiki muhimu. Akaniambia, kijana wangu, sisi tunatafuta wa kukaa, na wewe unatuletea mwenye chombo cha kutorokea? Pikipiki ikafutwa.

Nikashikilia Kiborana kama mtu aliyeshikilia mkia wa ng'ombe anayevuka mto. Akasema watoto wao wana Kiborana cha kutosha, hata wakitaka kukigawa. Kinachokosekana ni hesabu. Ikafutwa. Urefu, akasema, ni wa nini, kwani anakwenda kuezeka? Na zaidi: wasichana wao wakubwa wanaacha shule, afadhali awe mwanamke wamwone. Ukumbi mzima ukaunga mkono. Bi. Faiza alikuwa akiandika mbio.

Basi akasoma kilichobaki. Mwanamke. Ameolewa. Hesabu. Hana pikipiki.

Huqa akapumua kwa sauti.

Mama Bisharo akauliza kama mtu kama huyo yuko, na akawa ananitazama mimi moja kwa moja. Mzee mmoja wa nyuma akasema si ni yule anayefundisha ngamia? Mwingine akasema hata yeye aliambiwa, aliponunua bakuli. Mama mmoja akasema yeye alinunua kijiko tu na akaambiwa yote. Kumbe nimeuza vijiko vingi mji huu!

Nilitaka kusema kitu. Ndipo Kinya akasimama.

Alikuwa amevaa gauni lake la manjano. Jua la dirishani lilimwangukia begani. Akashukuru kwa utaratibu, akageuka akanitazama.

"Mume wangu amenisifu kwa kila aliyeingia dukani. Mniache niende nikajue kama ni kweli."

Bi. Faiza akauliza nani anaunga mkono.

Sijui nieleze vipi. Kidevu chake kilikuwa juu. Nikajua ametaka jambo hili tangu jioni ile aliponiletea habari pamoja na chai, na kwamba alikuwa ananingoja mimi tu. Sijawahi kuona mtu mzuri namna ile. Mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. "Naunga mkono!" Nilipiga kelele mpaka thamosi moja ikaanguka.

Makofi! Vigelegele kutoka upande wa Sericho! Sifa nilizoandika (yaani, nilizoanzisha) zinaingia katika mpango wa miaka kumi, na mimi nimechaguliwa bila kupingwa kuwa mwakilishi wa jamii, Wabera. Bila kupingwa!

Jumamosi, 17 Januari

Watu wananipongeza barabarani. Naitwa Mheshimiwa na watu wa boda.

Kinya anafunga mizigo huku anaimba. Niliuliza kama hatanikumbuka. Akaacha kuimba, akaja akaniwekea kichwa begani, akasema atanikumbuka kila asubuhi, na kwamba wanaume wengi wangeinua mkono kumkatalia. Nikamwambia wazo hilo halijawahi kunipitia.

Huqa naye alipita. Sasa atafundisha madarasa yake na ya Kinya peke yake, hata nafasi ya kucheka hana. Ushindi mwingine! Alituletea mtungi wake wa maji Kinya asafiri nao.

Jumanne, 20 Januari

Kinya alipanda lori alfajiri. Nilikimbia kando ya lori mpaka pale lami inapogeuka, nikipunga kwa mikono miwili. Nilirudi nikafungua duka. Nilipanga vikombe. Nilivipanga tena. Nyumba ina mwangwi ambao sikuwa nimeugundua.

Jioni nilimpata Mama Bisharo kwa simu, kwa bahati mtandao ulikuwa umekubali. Akasema mwalimu amefika salama, amekunywa maziwa ya ngamia bila kukunja uso, na wasichana wamemzunguka kama kisima.

Basi nikaona ni wajibu wangu kumsaidia mke wangu aheshimiwe huko. Nikamweleza Mama Bisharo vizuri. Uvumilivu wake. Sauti yake. Jinsi anavyofanya sehemu za desimali zionekane kama hadithi. Jinsi asivyochoka. Niliongea mpaka salio likakaribia kuisha.

Mama Bisharo akasema ikiwa ni hivyo, mwaka mmoja ni mchache mno kwa mtu kama huyo. Akasema mpango ni wa miaka kumi, na wazazi wa Sericho wanaweza kuomba wasikatizwe. Ila wangependa kusikia hayo yote kutoka kwa mdomo wangu mwenyewe, mkutanoni huko kwao, Bi. Faiza akiwepo anaandika.

Ni watu wanaoona mbali hawa! Nimekubali palepale. Hotuba nimeshaanza, na ni ndefu, maana yale ya ngamia peke yake hayatoshi. Gari la kamati ya mpango lina nafasi moja na nimeichukua.

Kinya wangu, kaa tayari. Kabla mwezi haujaisha utaniona hapo Sericho, nimesimama mbele ya watu, nikikusifu mpaka wakose la kufanya.